Muulize Somo: Harusi Jumamosi, hina Jumatano

Hamjambo wapendwa. Barua za mwezi huu karibu zote ni za hina. Naelewa, mvua zimeisha, mihogo imeanikwa, na huku Kigoma kila wiki kuna ngoma mahali. Nimechagua chache nizijibu vizuri kuliko kuzigusa zote juu juu, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoniumiza moyo.

Shikamoo Somo. Mi ni binti wa miaka 24 niko Mwanga hapa Kigoma mjini, naolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dada wa saluni ananiambia hina nyekundu ni ya kizamani, eti siku hizi bi harusi anachorwa nyeusi, nusu saa tu imekauka na inaonekana kwenye picha. Mama mkwe wangu mtarajiwa ni mtu wa Ujiji, yeye anataka hina ya majani na anasema nikeshe nayo. Nimsikilize nani? — Bi harusi mtarajiwa, Mwanga

Marahaba mwanangu, na hongera. Msikilize mama mkwe.

Sasa sikia nikueleze kwa nini, maana sitaki ukubali kwa heshima tu alafu roho ikabaki saluni. Hina ni majani ya mti wa mhina, yanakaushwa, yanatwangwa, yanachekechwa mpaka unga unakuwa laini kama poda. Ndani ya jani kuna rangi inaitwa losoni, ni kidogo sana, kati ya asilimia 0.5 na 2 ya jani kavu, na hiyo rangi ikikutana na ngozi inashikana na ile protini ya juu ya ngozi, ileile inayotengeneza kucha na nywele. Ndo maana kiganja na unyayo vinakolea kuliko mgongo wa mkono, ngozi ya pale ni nene. Na rangi yake ni ya chungwa kwanza, baadaye nyekundu, mwisho inaenda kahawia kama kahawa au mbegu ya ukwaju. Nyeusi tii haimo kwenye hilo jani. Hata ulikeshe wiki nzima, haimo.

Kwa hiyo anayekwambia nusu saa na nyeusi anakupaka kitu kingine. Mara nyingi ni ule unga mweusi wa kupaka nywele, sisi tunaita piko, anaukoroga kwenye kisosi na maji au na ile dawa ya kukoleza, anachora na kijiti. Ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiruhusu kwenye rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2, na kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi ni marufuku. Sasa pale kwenye kisosi nani amepima? Hakuna. Anakoroga kwa macho mpaka aone imekuwa nzito.

Nakwambia haya kwa uchungu, maana mtoto wa dada yangu alichorwa hivyo siku ya send-off yake, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na kwenye picha alipendeza siwezi kukataa. Siku ya tatu alfajiri nikapigiwa simu. Nilipofika nikamkuta amekaa kitandani ameinyoosha mikono mbele hataki iguse hata shuka, na yale maua yote yalikuwa yameinuka, kila jani, kila nukta, kila msokoto wa mzabibu umejaa maji, ungeweza kuisoma dizaini nzima kwa vidole gizani. Aliyemchora alisema eti ana damu mbaya. Hakuwa na damu mbaya. Malengelenge yalipona lakini ngozi ilibaki na maua meupe kwa miezi mingi, na mwaka uliofuata alipopaka nywele rangi kope zilivimba macho yakafunga kabisa. Mwili ukishaikataa PPD mara moja huwa unaikumbuka maisha yote. Yeye leo hawezi kugusa rangi ya nywele.

Najua utasema shoga zako wamepakwa piko mara tano na hawakupata kitu. Ni kweli, wapo wengi. Lakini mwili unaweza kuvumilia mara ya kwanza na ya pili, ndipo unajifunza kuichukia, alafu ya sita inakuja na moto. Huwezi kujua yako ni ya ngapi, na mimi sitaki uijue siku ya fungate.

Haya tuje kwenye harusi. Jumamosi ndo siku, basi hina ipakwe Jumatano usiku. Sio Ijumaa! Hili ndilo kosa linalofanya watu waikimbie hina ya majani, wanapaka Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi mkono una rangi ya chungwa kama karoti, bi harusi analia, kumbe haijamaliza kazi. Ukibandua inaanza ya chungwa na inazidi kukolea inavyopigwa na hewa, inachukua kama saa 48. Ya Jumatano usiku unaibandua Alhamisi asubuhi, Jumamosi asubuhi inakuwa imeiva, yaani rangi ile ambayo mama mkwe wako anaitafuta kichwani.

Usiku wa Jumatano kula mapema, nenda msalani kabisa, vaa dera la mikono mifupi, maana ukishachorwa huna mikono. Mwambie wifi yako mmoja mpole akulishe na akupanguse jasho. Hina ikianza kukauka adondoshee pamba yenye maji ya limau na sukari, aguse taratibu kama anamgusa mtoto aliyelala, sukari ndiyo inayoishika hina isipukutike. Kaa nayo kwa muda wa saa 6 mpaka 8. Asubuhi USIOSHE. Kwangua na mgongo wa kisu cha mezani au sugua mikono yenyewe kwa yenyewe ipukutike, alafu paka mafuta ya nazi, au mise, yale mafuta ya mbegu za mchikichi, kama ndo yaliyopo nyumbani, na maji usiyaguse mpaka jioni ukiweza. Kama unaswali tawadha kawaida, swala haingoji hina, ila paka mafuta kwanza.

Na picha zitatoka vizuri mwanangu. Ile kahawia ya kuiva kwenye ngozi yetu nyeusi inakuwa na mng'ao fulani wa ndani, wapiga picha wenyewe huwa wanauliza ni nini.

Somo mimi nimeshachelewa. Nilipakwa nyeusi siku ya Idi, leo siku ya nne mkono unawasha unatoa vipele vya maji na jirani kaniambia nipake dawa ya mswaki. — Msomaji, Gungu

Pole sana. Usipake dawa ya mswaki, wala majivu, wala mafuta ya breki, na usitoboe hivyo vipele. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, weka kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kipunguze muwasho, na nenda zahanati leo leo, usingoje wiki iishe. Daktari anaweza kukuandikia krimu ya kutuliza. Ukivimba uso au midomo au pumzi ikabana hiyo ni dharura, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Na ukifika useme ukweli, "nilipakwa rangi nyeusi ya nywele kwenye ngozi". Wengi wanaona aibu wanasema ni mdudu. Daktari akijua atakuandikia kwenye kadi yako, na hiyo ni muhimu kwa sababu kuanzia sasa rangi za nywele zenye PPD si zako tena, na hata baadhi ya dawa za ganzi zinaweza kukusumbua, kwa hiyo siku ukienda kung'oa jino mwambie pia.

Mwakeye Somo. Nina kijana wa wiki tano, arobaini inakaribia. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Ujiji na anataka mtoto apakwe hina viganja na nyayo, anasema hata mimi nilipakwa. Mume wangu hataki, mimi nipo katikati. — Mama wa mtoto wa kwanza, Kasulu

Mwakeye mama, na mtoto mpokeeni kwa kheri. Hapa namuunga mkono mume wako, na naomba umsomee bibi haya maneno kwa sauti ya upole maana najua anafanya kwa mapenzi. Mimi mwenyewe zamani niliwapaka watoto wa arobaini. Siwapaki tena.

Iko hivi. Kuna watu wanazaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike. Mtu anaweza kuwa na huo upungufu akakua, akazaa, akazeeka bila kujua. Na uko zaidi kwenye nchi zenye malaria kama yetu, na unawaumiza zaidi watoto wa kiume kwa vile unarithiwa kutoka kwa mama. Sasa losoni, hiihii ya kwenye hina safi kabisa ya majani, ikiingia kwenye mwili wa mtoto mwenye hali hiyo inaweza kuzivunja chembe zake za damu. Madaktari wameshawaandika watoto wachanga waliopatwa na hilo baada ya kupakwa hina mwilini. Ngozi ya kichanga ni nyembamba inanyonya, na mwili wenyewe ni mdogo, kiganja chako wewe ni kama mgongo wake mzima.

Kwa hiyo hapa sizungumzii piko, piko kwa mtoto hata isitajwe. Nazungumzia hina nzuri. Kwa kichanga hapana, na kwa mtoto ambaye inajulikana ana shida hiyo ya damu hapana hata akiwa mkubwa. Na kama kuna mtu amekuwahi akampaka kwa siri, basi angalia, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi au kokakola, mtoto akalegea na akapauka midomo, kimbia hospitali na useme alipakwa hina.

Bibi naye asiondoke mikono mitupu. Mpakeni yeye hina, na wewe mama mzazi kama umepona vizuri, mkae mkekani mtoto katikati. Nimeiona arobaini ya namna hiyo na ilikuwa tamu, bibi alikuwa anachorwa huku anaimba.

Somo mimi ni Mkristo, send-off yangu ni mwezi ujao na nataka kuchorwa hina ila kanisani kuna mama kasema ni mambo ya Kiislamu. Nakosea? — Msomaji, Kigoma

Hukosei. Wakristo wa Misri, wale Wakopti, wana usiku wao wa hina kabla ya harusi. Mayahudi waliotoka Yemen na Moroko wanao, Wahindu ndio usiseme. Mwezi Desemba 2024 UNESCO waliiingiza hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, maombi yaliletwa na nchi 16 za Kiarabu kwa pamoja, kuanzia Mauritania mpaka Omani, na Sudani na Misri zimo. Kwetu hapa bibi zetu wanasema imekuja na watu wa pwani, kwenye ile njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji, pamoja na kanga na biriani, na ndo maana yule mama anaiona ni ya Waislamu. Biriani anakula lakini. Mheshimu, msalimie, na uchorwe. Kama mna nia ya kumridhisha chora maua tu ya mkononi usiweke mwezi na nyota.

Asalam alaykum. Mama yangu mdogo yuko kwenye eda, kafiwa na mume, na huku mwanawe anaolewa. Anaweza kupakwa kidogo tu vidoleni? Na je udhu unashika ukiwa na hina? — Msomaji, Ujiji

Waalaykum salaam. Mungu amrehemu marehemu. Aliyefiwa na mume anakaa eda miezi 4 na siku 10, na kwenye hadithi hina imetajwa pamoja na manukato na wanja kwamba aviache. Hata kidogo. Mpelekeeni sinia lake la chakula na mwali aende akambusu mkono kabla ya kutoka, hiyo itamtosha kuliko rangi. Udhu unashika, kwa sababu hina ikishabanduliwa inabaki rangi tu haizuii maji, si kama rangi ya kucha ambayo ni ganda. Hina yenyewe iliyokorogwa ikiwa bado mkononi ndo inazuia.

Somo, hina yangu kila nikipaka inabaki ya chungwa na siku tatu imetoka. Nanunua unga sokoni nachanganya na maji ya moto. Mwenzangu kaniambia niongeze petroli kidogo ikolee. Unga ni feki? — Mchoraji anayeanza, Urambo

Petroli hapana! Wala mafuta ya taa, wala thina. Zinachoma ngozi, na wewe mchoraji ndo unazivuta siku nzima. Hebu tuangalie unga kwanza.

Mimina kijiko kwenye sahani nyeupe. Unga mzuri ni wa kijani, unanukia majani makavu, nyasi iliyokatwa juzi. Ukiwa wa kahawia umezeeka au umekaa juani, losoni imekufa. Ukiwa mweusi, ukiwa na harufu kali ya dawa, usiuguse. Na zile koni za dukani zilizokaa rafu miezi na kuandikwa dakika 20 rangi tayari, kaa nazo mbali, hina iliyokwishakorogwa kwa kweli inaharibika siku chache tu isipowekwa kwenye friza, sasa hiyo inayokaa miezi kwenye joto imetiwa nini?

Kisha maji ya moto ndo yanayokuua. Mi nafanya hivi: nachekecha unga kwa kitambaa chepesi cha shela, mara mbili, kwa sababu kijiti kimoja kikiziba koni mstari unakatika na mwali anashtuka. Nakamua limau, nachuja mbegu, nakoroga na unga mpaka uwe kama uji mzito wa mtoto. Kijiko cha sukari. Nafunika na nailoni ikigusana na uji wenyewe hewa isipite, naweka mahali penye joto la kawaida la nyumba. Kwa joto la Ujiji saa 6 mpaka 8 inatosha, huko kwenu asubuhi ya baridi inaweza kufika 12. Utajuaje? Weka nukta kwenye kiganja, ngoja dakika tano, futa. Ukiona alama ya chungwa iliyoshika, rangi imefunguka, paka. Ukiona hakuna kitu subiri. Ukiiacha siku mbili mezani imeshapita, nayo itatoka upesi kama hiyo ya kwako.

Kama unayo mafuta ya lavenda halisi ongeza matone, yanasaidia kufungua rangi, lakini kwa mjamzito na watoto wasio wachanga mi naweka limau na sukari tu. Na waambie wateja waache kuosha vyombo siku hiyo. Hina safi, ikipakwa vizuri, inakaa wiki moja mpaka tatu, kiganja kinawahi kufifia kwa sababu ya kazi.

Dada Somo, mimi niko Isevya Tabora, nimechoka kununua unga nisioujua umetoka wapi. Mhina unaota huku? — Msomaji, Tabora

Unaota dada, tena hali ya kwenu unaipenda. Ni mti wa nchi ya joto na ukame, unachotaka ni jua na udongo usiotuama maji. Wa kwangu uko nyuma ya jiko hapa Ujiji, umenipita kimo, ukitoa yale maua yake madogo meupe uani kunanukia mpaka wapita njia wanachungulia. Mbegu zinasumbua, zinataka kulowekwa siku kadhaa na wewe unabadilisha maji, kwa hiyo bora kipande cha tawi lililokomaa, urefu wa penseli, unachomeka kwenye kopo kivulini unamwagilia kidogo kidogo mpaka utoe majani mapya. Majani usichume mwaka wa kwanza, uache ujijenge. Baadaye unachuma, unaanika kivulini kwenye mkeka, usianike juani, unatwanga, unachekecha.

Mwezi ujao nakuja Tabora kwa treni kwenye harusi ya mtoto wa shoga yangu. Iandikie tena meza ya gazeti uwaachie namba, nitakuja na vipande vinne nimevifunga kwenye gunia bichi, viwili vikifa viwili vitashika.